Gari haina nguvu na ekzosi inanguruma: pima kwanza, kununua baadae

Kaka swali lako nalifupisha hapa ili na wengine wafuate. Una gari ya petroli ya mwaka 1998, silinda 4, lita 1.8, imetembea kilomita 270,000 na kitu. Miezi miwili sasa nguvu inapungua kidogo kidogo, tambarare inakwenda lakini ikiona mlima unarudi gia ya pili, ukikanyaga mafuta mpaka chini ni kama hujakanyaga. Alafu asubuhi ikiwa ya baridi inapiga tk tk tk kwenye injini, na kwa nyuma inanguruma kuliko zamani. Fundi wa kwanza kasema toa masega (kile kisafisha moshi kwenye bomba la ekzosi, catalytic converter), wa pili kasema injini imechoka tafuta nyingine, na we unauliza umwamini nani.

Kwa sasa usimwamini yeyote. Wote wawili wanaweza wakawa wamepatia, ila hamna aliyepima. Kwa ulivyoeleza, wa kwanza alisikiliza tu boneti ikiwa wazi, wa pili akaangalia kilomita kwenye dashibodi. Kilomita sio ugonjwa.

Kitu cha kuelewa kwanza ni kwamba kelele na kukosa nguvu ni malalamiko mawili hata kama yameanza pamoja. Tundu kwenye ekzosi linapiga kelele lakini lenyewe kama lenyewe haliibi nguvu nyingi, si unaziona gari ambazo sailensa imeoza nusu na bado zinapanda mlima vizuri tu huku zinaamsha watu. Kinachoiba nguvu ni kuziba. Moshi ukikosa pa kutokea unabaki ndani ya silinda, na silinda iliyojaa moshi haina nafasi ya kuvuta hewa mpya, kwahiyo we unakanyaga mafuta, kipepeo (kimlango cha kuingizia hewa) kinafunguka, hewa inakuta nyumba ina wageni. Sasa hapo ndo watu wanapochanganyikiwa, maana kuziba kunaweza kuzaa tundu: presha ikipanda mle ndani inatafuta sehemu dhaifu, mara nyingi gasketi ya manifoldi (chuma kinachokusanya moshi kutoka kwenye silinda zote) au kiungio cha paipu, inatokea hapo. Mtu anabadilisha gasketi, baada ya wiki kadhaa imepasuka tena, anamlaumu aliyemuuzia gasketi. Na kinyume chake pia kinatokea, tundu linaweza kuzaa kuziba, nitakueleza mbele kidogo. Kwahiyo kwa gari kama yako mi huwa nauliza moshi unatoka pasipo pake au unazuiwa kutoka, na kama ni vyote, kipi kilianza.

Kabla ya spana, usalama kidogo. Hiyo tk tk kama ni moshi unavuja mbele, basi unavujia chini ya boneti, karibu na pale feni ya ndani ya gari inapovutia hewa. Kaboni monoksaidi haina rangi wala harufu, ile harufu unayoisikia kwenye moshi ni ya vitu vingine. Ukiendesha ukaanza kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, alafu ukishuka ukapigwa na upepo unapata nafuu, huo sio uchovu wa safari. Mpaka uzibe huo mvujo endesha vioo vikiwa chini na buti imefungwa vizuri, maana buti ikiachwa wazi gari ikiwa kwenye mwendo inavuta moshi wa nyuma kuuingiza ndani. Na vipimo vyote vya kuwasha injini fanyia nje penye upepo. Sio gereji imefungwa umeacha mlango nusu.

Haya, tuanze na tk tk kwa sababu ndo rahisi.

Manifoldi ya moshi kwenye gari za umri huu mara nyingi ni chuma cha kumimina, ni kirefu, kinapata moto mkali na kupoa kila siku kwa miaka zaidi ya 20. Kikipata moto kinatanuka, na kwenye ncha ndo kinasogea zaidi, kwahiyo studi (bolti zinazokishikilia kwenye injini) za mwanzo na za mwisho ndo huwa zinakatika kwanza, kwako we ni pale silinda ya 1 na ya 4. Studi ikikatika gasketi inaachia, na moshi wa ile silinda unachomoka kwa vishindo, kila ikichoma tk moja. Injini ikishapata moto chuma kinatanuka kinaziba ule mwanya na kelele inapungua au inapotea kabisa, mwenye gari anasema imejitengeneza. Haijajitengeneza. Kwahiyo hii ipime asubuhi kabla hujaiwasha hata mara moja, na lile bati la kuzuia joto lililofunika manifoldi lifungue siku moja kabla, maana bolti zake kwa umri huo zingine zitakatika tu na hutaki kugombana nazo huku injini inapata moto. Angalia na tochi kama kuna masizi, mstari mweusi unaotoka kwenye kiungio kwenda nje kama mtu amepitisha mkaa, pale ndo moshi unapopita.

Usipoona kitu chukua kipande cha hosi ya maji, mita moja inatosha. Ncha moja iwe jirani na sikio, nyingine uipitishe taratibu kando ya manifoldi injini ikiwa silensi (nikisema silensi namaanisha injini inazunguka bila kukanyagwa, sailensa ni lile dude la nyuma la kupunguza kelele, watu wanachanganya). Nilipokuwa najifunza kazi kuna gari nilishamhakikishia mwenyewe kwamba ni valvu zinagonga, nilikuwa na uhakika kabisa, aliyekuwa ananifundisha akanipa hosi akasema sikiliza kwanza. Silinda ya kwanza kimya, ya pili kimya, ya tatu kimya, nilivyofika ya nne ikanipulizia pumzi ya moto ndani ya sikio, pu pu pu, nikaruka na kujigonga kwenye boneti. Ndo maana nimesema jirani na sikio, usiichomeke ndani kama mimi.

Njia nyingine ya kutofautisha na valvu kugonga ni kuchomoa waya wa plagi ya silinda unayoishuku, tena uchomoe injini ikiwa imezimwa, uuegemeze kwenye chuma cha injini ili umeme upate pa kwenda, alafu uwashe usikilize. Kama ni moshi unavuja, tk inafifia kwa sababu ile silinda haichomi tena. Kama ni valvu inagonga, kelele inabaki vile vile. Sekunde kumi tu zinatosha, usiache iendelee, kwa sababu petroli ambayo haijaungua itaenda kuungulia kwenye masega na hatutaki kuyaua wakati ndo kwanza tunayachunguza.

Kwa viungio vya chini ya gari, kama una mashine ya kufagia vumbi ambayo inaweza kupuliza, injini ikiwa baridi na imezimwa chomeka hosi yake kwenye mdomo wa ekzosi, ziba pembeni kwa kitambaa, pakaa maji ya sabuni kuanzia manifoldi mpaka nyuma. Panapotoa povu ndo penyewe. Usishtuke ukiona tone la maji au povu dogo kwenye tundu dogo chini ya sailensa, sailensa nyingi zinatoka kiwandani na katundu ka kutolea maji.

Sasa, nimesema tundu haliibi nguvu nyingi lakini kuna tundu moja lina tabia yake, lile lililo kabla ya sensa ya oksijeni. Moshi hautoki kama maji ya bomba, unatoka kwa vishindo, na katikati ya kishindo na kishindo kuna kitambo kidogo presha inashuka chini ya ile ya nje na hewa inanyonywa kuingia ndani kupitia ule mwanya. Sensa inaona oksijeni nyingi, inaiambia kompyuta mafuta ni machache, kompyuta inaongeza mafuta ambayo hayakuhitajika. Plagi zinakuwa nyeusi, ulaji wa mafuta unapanda, gari inakuwa nzito nzito, na yale mafuta ya ziada yanaenda kuyachosha masega taratibu. Hapo ndo tundu linapozaa kuziba. Kwahiyo hiyo tk tk yako usiichukulie ni kelele tu, hata kama kwa leo sio yenyewe inayokurudisha gia ya pili.

Tuje kwenye kuziba, na kwa maelezo yako mi macho yangu yako hapa zaidi. Gari iliyoziba ekzosi ina tabia zake: inawaka vizuri, silensi iko sawa, mwendo mdogo huoni tatizo, lakini ukitaka kukimbia ni kama kuna mtu ameishika kwa nyuma. Resi inagoma kupita kiwango fulani, na kiwango hicho kinashuka mwezi hadi mwezi. Wakati mwingine unasikia mluzi au pumzi nzito shhhh chini ya gari ukikanyaga. Usiku ukitoka safari ya mlima angalia chini, ukikuta paipu ya mbele au ganda la masega limewaka wekundu basi simamisha vipimo na usipaki juu ya majani makavu, simama kwenye zege au vumbi.

Kipimo ninachokipenda ni geji ya vakyumu, inayopima injini inavyonyonya hewa, kwa sababu ni kifaa rahisi na kinasema mengi. Unaiunga kwenye paipu ndogo inayotoka kwenye manifoldi ya hewa, baada ya kipepeo, injini ikiwa ya moto. Silensi, injini nzima inasoma inchi 17 mpaka 21 za zebaki na mshale umetulia (kama uko sehemu ya juu toa inchi 1 hivi kwa kila mita 300 kutoka usawa wa bahari, usije ukaiua injini nzima kwa sababu ya mwinuko). Alafu panda mpaka mizunguko 2,500 ushikilie hapo hapo. Mshale utaanguka kidogo ulipokanyaga, utarudi, na kwenye gari isiyoziba utakaa sawa na wa silensi au juu yake kidogo. Kwenye iliyoziba utarudi vizuri alafu unaanza kushuka wenyewe pole pole, 18, 17, 15, 13, mguu wako haujasogea. Ukiona hivyo huna haja ya kubishana na mtu, moshi unarundikana.

Huna geji? Fungua sensa ya oksijeni ya kwanza, ile iliyo kabla ya masega, uache tundu wazi, funga waya wa sensa mbali na joto, alafu endesha kidogo kwenye kile kimlima kinachokusumbua. Itapiga kelele mbaya sana na vioo viwe chini, lakini kama nguvu imerudi umepata jibu lako. Kama haijarudi kabisa usikimbilie kusema ekzosi haijaziba, kale katundu ni kadogo, kama kuna kuziba kukubwa utasikia tofauti kidogo tu. Hapo fungua flenji ya mbele ya masega, shusha paipu kidogo, jaribu tena. Mwenye geji ya presha anaweza kuichomeka kwenye hilo hilo tundu la sensa: silensi isizidi psi 1.5 hivi, na kwenye mizunguko 2,500 isifike 3. Ukisoma 5 au 8 hapo kuna kitu kimekaa njiani.

Ila ni kitu gani, na kiko wapi? Watu wengi wakisikia ekzosi imeziba wanasema masega, na mara nyingi ni kweli, gonga ganda lake na nyundo ya mpira injini ikiwa baridi, likilia kama kibuyu chenye mbegu basi sega limevunjika ndani. Vipande vinasafiri mpaka kwenye sailensa na kuziba huko, kwahiyo mtu anabadilisha masega na gari bado nzito, hajui kwamba sailensa imejaa vigae. Na zipo paipu za kuta mbili, moja ndani ya nyingine. Niliwahi kuhangaika na pikapu moja kwa siku mbili. Masega niliyafungua nikamulika tochi, unaona mwanga upande wa pili safi kabisa. Sailensa ilikuwa mpya. Paipu ya mbele kwa nje haina hata kovu. Vakyumu inashuka kila nikipima. Mwisho nikakata ile paipu ya mbele kwa sababu ya hasira tu nisema ukweli, nikakuta ukuta wa ndani umeachia umejikunja kama soksi, moshi wa injini nzima ulikuwa unapita kwenye upenyo wa kidole. Tangu siku hiyo siapi kwamba ekzosi iko wazi kwa kuiangalia kwa nje, nafungua kuanzia nyuma kipande kimoja kimoja, napima kila nikifungua, mpaka nguvu irudi. Kipande cha mwisho kutolewa ndo chenye kosa.

Tuseme sasa umekuta ni masega. Fundi wako wa kwanza atafurahi, lakini muulize yameziba kwa nini, maana masega mara nyingi hayazibi kwa uzee peke yake. Ndani ni kigae cha kauri chenye vitundu vidogo vidogo, ndo hilo jina la sega, kinafanya kazi kikiwa cha moto, nyuzi mia kadhaa, na kinaanza kuyeyuka kwenye nyuzi 1,400 hivi. Kinachokifikisha huko ni petroli mbichi: silinda inamisi, mafuta yake hayaungui ndani, yanaenda kuungulia kwenye sega. Au injini inakula oili na majivu yake yanapaka vile vitundu. Au maji ya rejeta yanaingia kwenye silinda. Zamani ilikuwa pia petroli yenye risasi, hiyo iliyaua masega mengi sana mpaka nchi ya mwisho kuiuza, Algeria, ilipoacha mwaka 2021. Ukiweka masega mapya bila kugusa kilichoua ya kwanza, umenunua mapya ya kuua.

Na kuyatoa moja kwa moja? Najua utauliza. Sehemu nyingi ni kosa kisheria, gari itanuka na kunguruma zaidi, na ile sensa ya nyuma kama unayo itawasha taa ya chek injini muda wote, kwahiyo siku kukiwa na tatizo la kweli hutajua. Nguvu utakayopata ni ile ile ambayo ungeipata na masega mazima, ile iliyokuwa imezuiwa. Kuna wanaosema pia injini inahitaji bakapresha kidogo, yaani moshi uzuiwe kidogo, kwahiyo ukifungua sana inapoteza nguvu. Hapana. Injini haihitaji kusukumiwa moshi wake, inachohitaji ni paipu ya upana sahihi ili moshi uende kwa kasi na kishindo kimoja kisaidie kuvuta kingine. Ukiweka paipu pana mno ile kasi inapotea ndo unaona gari imekuwa nzito chini, watu wakaipa jina la bakapresha.

Sasa fundi wa pili, wa injini imechoka. Huyu anajibiwa na kompresheni (presha ambayo kila silinda inaweza kuibana), hajibiwi na maneno. Lakini kabla ya hapo jaribu karatasi. Injini silensi, shika karatasi nyepesi sentimita chache kutoka mdomo wa ekzosi. Inatakiwa isukumwe nje kwa mapigo yanayofanana, pu pu pu pu. Ikiwa kila baada ya muda inanyonywa kurudi kwenye bomba, kuna silinda haichomi au valvu ya moshi imeungua haifungi. Hiyo valvu ya moshi ni ya kuangalia sana kwenye gari ambazo nafasi ya valvu inarekebishwa kwa mkono, kwa sababu kiti cha valvu kikiliwa nafasi inapungua mpaka inaisha, valvu inabaki imefunguka kiduchu, haipati muda wa kupoa, inaungua ukingo. Na inapofika hapo haigongi tena. Watu wanaogopa ile inayogonga, mi naogopa iliyokuwa inagonga ikanyamaza.

Toa plagi zote nne uzipange kwa mpangilio wake. Rangi ya udongo au kijivu ni nzima. Nyeusi kavu kama masizi, mafuta yamezidi. Nyeusi yenye unyevu wa oili, ringi za pistoni au mipira ya valvu imechoka. Iliyo safi mno kuliko wenzake kama imeoshwa, angalia maji ya rejeta. Angalia na mwanya, nyingi ni milimita 0.8 mpaka 1.1 ila fuata ya injini yako, plagi iliyoliwa mpaka 1.5 inamisi kwenye mlima tu, huko ndiko presha ndani ya silinda inapokuwa kubwa na cheche inashindwa kuruka, ukirudi tambarare huoni kitu.

Zikiwa bado nje pima kompresheni: injini ya moto, zima pampu ya mafuta na umeme wa koili, mguu kwenye mafuta mpaka chini (hii wengi wanasahau alafu wanasoma ndogo wanaogopa), piga stata mpaka mshale uache kupanda. Injini nyingi za petroli zikiwa nzima zinasoma kati ya psi 150 na 200. Zaidi ya namba yenyewe mi naangalia tofauti, silinda ya chini isipungue zaidi ya asilimia 10 mpaka 15 kutoka ya juu. Moja ikiwa chini tia kijiko cha chai cha oili kwenye tundu la plagi, pima tena. Ikipanda sana ni ringi. Isipopanda ni valvu. Mbili zilizo jirani zikiwa chini kwa pamoja, gasketi ya silinda hedi imeungulia katikati yao. Na zote nne zikiwa chini kwa usawa, usiseme injini imekufa kabla hujaangalia mkanda au cheni ya taimingi, ikiruka jino moja au mawili inashusha zote, na ile geji ya vakyumu inakaa chini, kama 10 hivi, imetulia tuli. Injini za hivyo zimetupwa nyingi tu kwa kosa la meno mawili.

Taimingi ya cheche nayo, kama gari yako bado ina distributa (kile kinachogawa umeme kwenye plagi). Cheche ikichelewa, moto unakuwa bado unawaka wakati valvu ya moshi inafunguka, kwahiyo nguvu iliyotakiwa kusukuma pistoni inaenda kupasha manifoldi. Hapo unapata vyote ulivyolalamikia kwa mpigo: nzito, joto, ekzosi inanguruma kwa sauti nene, na hamna tundu wala kuziba. Mulika na taa ya taimingi kwenye alama ya puli, alafu piga resi uone alama inasogea mbele au imeganda. Ikiganda, vile vizito na springi ndani ya distributa vimeshika kutu, au diafram ya vakyumu imetoboka.

Upande wa mafuta na hewa nitapita haraka kwa sababu dalili zako haziko huko sana. Filta ya hewa toa uangalie. Filta ya mafuta kama hukumbuki ilibadilishwa lini basi badilisha. Presha ya mafuta kwenye injekshen za aina yako nyingi ni psi 40 mpaka 50, ipime wakati gari inavuta, sio silensi tu. Na kabla ya yote mtu mmoja akanyage mafuta mpaka chini huku we unaangalia kipepeo kama kinafunguka chote, nimeshakuta zuliya la miguuni limejikunja chini ya pedeli, gari ilikuwa inaendeshwa na nusu ya injini yake. Breki zinazoshika nazo, tembea kidogo bila kukanyaga breki alafu sogeza mkono karibu na kila ringi ya tairi, moja ikiwa ya moto peke yake umepata. Klachi ikiteleza resi inapanda na mwendo haupandi, kwako mwendo na resi vyote vinagoma, kwahiyo sio.

Mashine ya kompyuta inasaidia kama gari yako ina soketi inayokubali, magari ya petroli yaliyouzwa Marekani tangu 1996 na Ulaya tangu 2001 yana mfumo mmoja, la 98 la kwingine inaweza kuwa na wake. Ikisoma, usiishie kwenye kodi za hitilafu. Angalia kompyuta inaongeza mafuta asilimia ngapi: ikizidi 10 silensi alafu inapungua ukipiga resi, kuna hewa ya wizi inaingia, ama kwenye manifoldi ya hewa ama kwenye ule mwanya wa manifoldi ya moshi. Ikiwa sawa silensi na inapanda gari ikivuta, mafuta hayatoshi.

Kwahiyo fanya hivi: kesho asubuhi ikiwa baridi, hosi na masizi kwenye manifoldi. Ikipata moto, karatasi kwenye ekzosi, alafu vakyumu silensi na kwenye 2,500, ushikilie dakika nzima. Jumamosi plagi na kompresheni. Studi zilizokatika kwenye silinda hedi usimpe mtu mwenye haraka, zinataka oili ya kupenya usiku kucha na mkono mpole, ikikatikia ndani zaidi hedi inabidi ishuke. Alafu nirudie hapa na namba za silinda zote nne, kavu na zenye oili, uandike na rangi ya kila plagi, na ule mshale wa vakyumu ulianzia ngapi ukaishia ngapi.